Kikombe cha Mgeni

Kahawa ilikuwa imechanua tulipomzika mama. Wageni waliotoka Nairobi walishuka magarini, wakavuta pumzi ndefu na kusema, "Aki huku kwenu kunanukia!" Kwa kweli kulinukia. Mashamba yote kuanzia barabara ya Karurumo hadi mtoni yalikuwa meupe pe, na nyuki walikuwa kazini. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba nikijifanya natafuta sufuria. Harufu hiyo huwapendeza watu wengine. Mimi hunitia aibu, na imenitia aibu tangu nikiwa darasa la sita.

Kama wewe ni wa rika langu, bila shaka unazikumbuka zile tamthilia za ng'ambo zilizotufikia zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza, ambapo midomo ya watu ilikwenda njia moja na maneno njia nyingine. Hapo kijijini kwetu televisheni ilikuwa kwa Mama Njeru, jirani yetu wa upande wa juu. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kabla ya kipindi kuanza alikikunja kitambaa hicho mara nne, polepole, sisi sote tukimtazama. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, wanawake watano au sita walifika na kanga mabegani na kujibana kwenye makochi. Mama yangu alikaa kila mara kwenye kigoda karibu na mlango. Alisema anapenda hewa.

Mimi nilikuwa na kazi maalum. Kiingereza cha wale Wazungu kiliwashinda wanawake wale, na mtoto wa Mama Njeru aliyekuwa akiwatafsiria alikuwa amekwenda shule ya bweni. Basi nikarithi nafasi yake. Nilikaa sakafuni mbele kabisa nikigeuza kila neno kuwa Kiembu, na niwe mkweli, nilijiona mtu mkubwa sana. Mama Njeru aliniwekea ndizi ya kuiva. Nisipofika, hakukuwa na tamthilia, kulikuwa na watu wanalia tu bila sababu.

Majina ya wahusika yalitushinda kutamka, kwa hiyo tuliwapa yetu. Mke tulimwita Hereni, kwa sababu hata akilala hakuvua hereni zake. Mumewe alikuwa Mwenye Farasi. Na yule mwanamke aliyemtorosha Mwenye Farasi kutoka nyumbani kwake alikuwa Kucha, na ukiziona kucha zenyewe hutauliza kwa nini. Mwenye Farasi alimwacha Hereni na mtoto mchanga, akaenda kuishi na Kucha mji mwingine. Wanawake walimlaani kila jioni. "Mwanamume bure kabisa! Ona anavyokula, na mtoto wake hana maziwa!" Walimlaani kwa nguvu nyingi kuliko alivyostahili mtu wa kwenye kioo, na mama yangu aliyekaa karibu na mlango hakutia neno.

Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwa nini. Baba yangu alikuwa ameajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi huko Meru mjini. Mwanzoni alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate na magazeti ya zamani. Kisha akaja mara moja moja. Kisha akaacha kuja. Kijiji kizima kilijua kwamba amepanga nyumba upande wa Kaaga na kwamba hakai humo peke yake. Mimi niliambiwa kazi ni nyingi. Miaka miwili mama alipalilia kahawa, akaipogoa, akaichuma na kuibeba hadi kiwandani mwenyewe, na kila jioni jirani zake walimtukana Mwenye Farasi kwa niaba yake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtaja baba.

Halafu siku moja mchana baba akarudi. Alikuwa na begi moja na viatu vilivyojaa vumbi. Nilimwona tangu kona ya barabara nikakimbia hadi nikapoteza ndara. "Mami!" aliniita, kwani nimepewa jina la mama yake, Wawira, na hajawahi kuniita vingine. Alinishika kichwa lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Nilisubiri afanye kama Hereni, ambaye siku Mwenye Farasi alipobisha hodi alivunja sahani zote za kabati, moja moja, muziki ukilia. Mama hakuvunja kitu. Alisema, "Karibu." Akaingia ndani, akatandika kitambaa juu ya meza, akafungua kabati la vyombo na kutoa kikombe.

Ni lazima nikueleze habari za vikombe vyetu. Baba alikuwa na kikombe chake cha bati, cha samawati, kilichobanduka rangi mdomoni kikabaki na alama nyeusi. Kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, na hakuna mwingine aliyekitumia, hata baba alipokuwa Meru. Halafu kulikuwa na vikombe sita vyeupe vya udongo vyenye mstari wa dhahabu, na visahani vyake. Hivyo vilitolewa kwa pasta, kwa mwalimu mkuu na kwa wakwe. Mimi sikuwa nimewahi kukigusa kimoja bila mtu kunikemea.

Mama alimpa baba chai katika kikombe cha dhahabu, juu ya kisahani, na kijiko kidogo pembeni. Alimkaribisha kwa mikono miwili. Nusura nipige kelele kwa furaha. Hereni angevunja sahani, lakini mama yangu, kwa wema wake, alikuwa amemsamehe baba kabla hajakaa vizuri, tena kwa kikombe cha pasta! Jioni ile nilimweleza Mama Njeru kwa majivuno. "Amempa ile yenye dhahabu," nilisema. "Na kisahani." Mama Njeru aliacha kukunja kitambaa chake cha televisheni. Aliniangalia, akamwita Mungu, "Ngai," na kuniongezea ndizi.

Baba alilala kwenye stoo, kando ya magunia ya kahawa. Nilidhani ni kwa ajili ya kulinda. Asubuhi kikombe cha dhahabu, jioni kikombe cha dhahabu, siku nenda siku rudi. Mama alimjibu kila alichouliza, kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu wa serikali. Chakula chake kilikuwa cha kwanza kupakuliwa. Na baba alizidi kukonda.

Siku moja nilimpelekea chai kule stoo, kisahani kikitetemeka mikononi mwangu, nikamuuliza mbona hafurahi na kikombe kizuri hivyo. Alikishika kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeogopa kukivunja. "Mami," alisema, "hiki ni cha mgeni."

"Lakini ni kizuri kuliko chako."

"Ni kizuri. Lakini mgeni akimaliza chai, anafanya nini?"

Nikajibu nikidhani ananipima akili, "Anaaga, anaenda kwao."

"Eeh," baba alisema, akanywa.

Nilirudi nyumbani. Niliona ghafla kwamba baba hakuwa amerudi hata kidogo, na kwamba siku yoyote angeweza kuaga. Nilikwenda moja kwa moja kwenye msumari nikachukua kikombe cha samawati. Mama alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa. "Rudisha," alisema.

"Mama, ni cha Baba."

"Wawira. Rudisha kwa msumari."

Nikarudisha. Tangu hapo nilikuwa na shauri moja tu maishani: baba anywe chai kwa kikombe chake. Na kwa kuwa watu wazima hawakuwa na mpango, niliamua kutumia nilichokuwa nacho, yaani tamthilia.

Nilianza kudanganya katika tafsiri. Mwenye Farasi, ambaye kwa wakati huo Kucha alikuwa amemfukuza, alimpigia Hereni simu kila siku akisema, "Nisamehe, nakupenda," basi, hana lingine. Mimi nilimtilia maneno. "Anasema amekosa sana. Anasema alikuwa mjinga. Anasema kule alikokuwa hakupata hata ugali mzuri." Wanawake wakaanza kumwonea huruma. Mama Njeru akasema pengine mtu amebadilika. Nami kila nikimaliza kutafsiri niliangalia mlangoni nione kama mama amelainika. Alikuwa akifuma sweta tu.

Ikafika sehemu ya mwisho. Nyumba ilijaa hadi watu wakakaa kwenye kizingiti. Mwenye Farasi alikuja bustanini kwa Hereni na maua mengi kiasi cha kufunika kifua chote, akapiga magoti kwenye nyasi, akasema maneno manne. Mimi nikavuta pumzi nikatafsiri: "Anasema atakuwa akimchotea maji. Atalima shamba lote. Ng'ombe atakamua yeye. Hataenda popote tena, na akienda, mvua isinyeshe kwake."

Kabla sijamaliza, Hereni alikuwa tayari ameangusha machozi, amechukua maua, amemkumbatia. Farasi akaonekana kwa mbali. Muziki ukapanda. Wanawake wakapiga makofi na mmoja akapiga vigelegele.

"Imeisha?" mama aliuliza.

"Imeisha, Mama Wawira! Amemsamehe!" Mama Njeru alikuwa akijifuta macho.

"Amemsamehe kwa nini?"

Mama Njeru akasema, "Si amepiga magoti? Mwanamume mzima! Unataka afanye nini tena?"

"Kupiga magoti ni dakika moja," mama alisema. "Huyu mtoto alipokuwa na homa, ni magoti ya nani yaliyokuwa kwa kitanda? Ng'ombe ilikamuliwa na maua? Mimi nimeangalia hii kitu miezi yote, sijaona huyo mwanamume akiinua hata kikombe. Huyo amesamehewa bure. Kesho ataenda tena na farasi yake." Akakunja sweta lake. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe, mdomo wake ulifunguka mara mbili tu. Hayo maneno mengine uliyatoa wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Tulitembea kurudi nyumbani, nami nilikuwa na hakika kwamba nimeharibu kila kitu. Ila katika hotuba yote ile ya mama, akili yangu ya darasa la sita ilikuwa imeshika jambo moja. Lile la magoti na maua. Mama alisema hayatoshi, lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba yanafanya kazi. Na baba hakuwa na maua.

Asubuhi, kahawa ilikuwa imechanua. Mvua ilikuwa imenyesha wiki moja kabla, na usiku mmoja ulitosha. Niliingia shambani kabla ya kwenda shule, nikachagua matawi mazuri zaidi, yale yaliyojaa maua meupe kutoka shina hadi ncha, nikayavunja. Sikuvunja mawili wala matatu. Nilivunja mengi ya kufunika kifua chote. Yalinukia ajabu. Nikakimbia nayo hadi stoo.

Mtoto yeyote wa nyumba ya kahawa anajua kwamba kila ua ni punje. Mimi pia nilijua, nilifundishwa kabla ya kujua kusoma. Sijui ujuzi huo ulikuwa umeenda wapi asubuhi ile. "Baba, shika," nilisema. "Piga magoti umpe Mama."

Baba alipokea yale matawi na uso wake ukabadilika rangi. "Mami," alisema kwa sauti ndogo, "umefanya nini? Hii ni miti ya mama yako."

Mama alitokea pembeni mwa stoo na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, mgongoni, ukanda ukiwa umembana kwenye paji la uso. Alituona. Aliona matawi. Miti ile ndiyo aliyokuwa amebaki nayo miaka miwili, aliitunza kuliko alivyojitunza, na sasa mavuno yake yalikuwa mikononi mwa baba yakiangusha petali. Mzigo ulimshuka wenyewe.

Nilijua nitachapwa. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi nimevunja," baba alisema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama sweta langu la shule, ambalo lilikuwa limejaa maua meupe kifuani na mikononi, hata kwenye nywele nilikuwa nayo. Sikusema kitu. Hiyo ndiyo aibu yangu, na ndiyo inayonijia kila kahawa ikichanua. Nilisimama pale nikamwacha baba abebe kosa langu juu ya lake.

"Shamba hukujua kupalilia," mama alimwambia, "lakini kuvunja unajua." Akageuka na kwenda jikoni.

Baba aliweka matawi chini taratibu. Hakunilaumu. Alichukua ule mzigo wa nepia uliokuwa umeanguka, akatia ukanda kwenye paji lake mwenyewe, namna wanawake wanavyobeba, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuuinua, akaupeleka kwa ng'ombe. Na kesho yake akauchukua tena ule ukanda akashuka nao mtoni kuchota maji.

Hujui jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani kwetu. Wanaume walibeba maji kwa baiskeli au kwa punda. Mtungi mgongoni na ukanda kichwani, hapana. Baba alipita nao mchana, mbele ya kinyozi na mbele ya duka la dawa za mifugo. "Ati Mama Wawira ameoa!" wanaume waliokaa hapo walimpigia kelele, na mimi nilikuwa nikirudi shuleni na wenzangu, nikasikia. Baba akawajibu, "Ameoa, na bado hajalipa mahari," wakacheka, naye akapita. Wiki zikapita. Akapalilia. Akakamua. Maua yakadondoka, punje za kijani zikatokea, na pale nilipovunja pakabaki pengo. Kikombe kilikuwa bado ni kile cha dhahabu.

Kahawa ilipoiva, baba alikaa juu ya gunia kiwandani pamoja na wanawake na watoto, akichagua mbichi kutoka kwa mbivu hadi jua likazama. Mama alikuwa upande wa pili wa rundo. Nilikuwa nikiangalia mikono yao. Ilikuwa ikienda kwa mwendo mmoja, lakini hawakuwa wakizungumza.

Na jioni moja tu, isiyokuwa na chochote, ikatokea. Baba aliingia kutoka kiwandani amelowa. Mama alikuwa akimimina chai huku akimgombeza paka. Alinyoosha mkono kwenye msumari bila kuangalia, akatoa kikombe cha samawati, akakijaza, akakigonga juu ya meza hadi chai ikamwagika. "Toa hizo matope kwa miguu," alisema. "Nimefagia sasa hivi."

Nikaacha kuandika kazi ya shule. Baba alikishika kikombe kwa mikono miwili. Bati huchoma vibaya chai ikiwa moto, lakini hakukiweka chini. Aliangalia ile alama nyeusi mdomoni. Mwishowe akasema, "Asante, Mama Wawira."

"Unashukuru kama mgeni?" mama alijibu, bado amegeukia jiko.

Baba akanywa. Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, ile ya zamani, ya mtu wa nyumba, "Chai haina sukari."

"Sukari iko hapo. Si una mikono?"

Nililia juu ya daftari, na mama akaniuliza kama nimepigwa shuleni.

Miaka mingi baadaye, tukitazama tamthilia nyingine kwangu, mke mwingine akiwa amemsamehe mume mwingine katikati ya uwanja wa ndege, nilimuuliza mama alijuaje siku ile kwamba baba ametosha. Alicheka. "Kutosha? Sikujua. Mimi nilichoka kuosha kikombe ya wageni." Halafu akaongeza, "Lakini nilianza kumwangalia siku ya maua. Nilijua ni wewe. Yeye alikuwa amenidanganya miaka miwili kwa sababu yake. Siku hiyo alinidanganya kwa sababu yako. Nikasema, wacha nione."

Kwa hiyo sijui hadi leo kama msamaha ule baba aliupata kwa jasho au alipewa. Nafikiri mama pia hakujua. Najua tu kwamba hakuwahi kuaga tena.

Siku ya mazishi, watu walipotoka kaburini, wanawake wa kanisa walichukua jiko na kugawa chai. Kwa heshima ya mfiwa walifungua kabati la mama na kutoa kikombe cheupe chenye mstari wa dhahabu. Vilikuwa vimebaki viwili. Wakamletea baba kwa mikono miwili, na kisahani, na kijiko kidogo. Alikuwa ameketi chini ya turubai, kofia magotini. Alikipokea akakiangalia. Hakunywa. Mama mmoja akamwambia, "Kunywa, mzee wetu, upate nguvu." Yeye akawa anatazama huku na huku nyumbani kwake, kama mtu asiyejua anatakiwa kukaa hadi saa ngapi.

Niliinuka. Nilipita katikati ya watu hadi mlango wa jikoni. Kikombe cha samawati kilikuwa kwenye msumari. Nilimimina chai, nikarudi, nikampokonya kile cha dhahabu mkononi, nikampa chake.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo.

"Mami," alisema, "chai haina sukari."

Nilitaka kumjibu kama mama, kwamba sukari iko hapo, si ana mikono. Nikaenda kumletea sukari.